Ipomea ya buluu: mwongozo kamili kuanzia mbegu hadi mbegu

Ipomea ya buluu ni mmea wa kukwea unaomaliza maisha yake ndani ya msimu mmoja. Kitaalamu ni Ipomoea tricolor, asili yake Meksiko na Amerika ya Kati, na pakiti nyingi za mbegu huandikwa jina la aina yake mashuhuri, Heavenly Blue. Hukwea mita 3 hadi 4 kwa miezi michache tu. Maua yake yana upana wa sentimita 8 hadi 10, umbo la tarumbeta, rangi ya anga lililotakata, koo jeupe na umanjano kidogo ndani kabisa. Maua ya buluu ya kweli ni machache bustanini. Mengi yanayouzwa kwa jina hilo ukiyasogelea utakuta ni zambarau, na ndiyo maana watu hawaachi kuihangaikia hii.

Mmea wenyewe hauna makuu, ila una masharti yake. Anayeshindwa nao mara nyingi si mzembe, ni mtu aliyeuhudumia kupita kiasi: ameuwahisha kabla joto halijafika, ameuhamisha mara mbili, amemwaga debe zima la samadi kwenye shimo, kisha anasubiri maua huku uzio mzima umefunikwa na majani. Karibu kila hatua hapa chini inarudi kwenye jambo hilo.

Hakikisha unachopanda ndicho

Jenasi ya ipomea ni kubwa, na viazi vitamu vimo ndani yake. Ukitazama jani la ipomea ya buluu na ua lake utauona undugu huo mara moja. Ndugu wanaochanganywa nayo zaidi ni watatu. Ipomoea purpurea ina maua madogo kidogo, ya zambarau, waridi au buluu iliyokolea, na shina lake lina vinyweleo. Ipomoea nil nayo ina vinyweleo, na majani yake kwa kawaida yamegawanyika ncha tatu. Ipomoea indica haifi msimu unapoisha. Huotesha mizizi kwenye vifundo kila shina linapogusa ardhi, na katika nchi nyingi za joto imekuwa gugu sugu.

Pitisha kidole kwenye shina na kwenye jani. Ipomea ya buluu ni laini, haina vinyweleo, na jani lake ni la umbo la moyo lisilogawanyika. Ukipewa kipande cha shina cha kuotesha badala ya mbegu, kikatae kwa adabu, kwa sababu huenda ni indica, na ukishaipanda utaing'oa miaka.

Joto ndilo linalopanga tarehe

Mmea huu hauvumilii baridi hata kidogo. Jalidi ya usiku mmoja huuua. Hata pasipo na jalidi, usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi majani machanga hupauka yakawa manjano au meupe na ukuaji husimama. Mche uliodumaa hivyo kwa wiki mbili mara nyingi hupitwa na mbegu iliyopandwa baadaye kwenye udongo wenye joto, hivyo kuwahi hakuleti faida yoyote.

Mahali penye majira ya baridi, otesha mbegu ndani ya nyumba wiki 3 hadi 4 kabla ya tarehe ambayo jalidi ya mwisho huwa imepita. Usizidishe. Miche ya wiki 6 au 8 hujisokota yenyewe kwa yenyewe dirishani, na kuitenganisha ni kuivunja. Kama huna nafasi ndani, subiri udongo wa nje ufike nyuzi 18 kisha panda moja kwa moja. Mahali pasipo jalidi unaweza kupanda karibu wakati wowote, mradi usiku hauteremki chini ya nyuzi 12 na mvua hazituamishi maji mahali ulipochagua. Epuka tu kupanga muda wa maua uangukie wiki za joto kali kuliko zote, maana joto hufanya ua lifunge mapema.

Kuna jambo la pili linalohusu majira, nalo huwachanganya wengi. Maua huja kwa wingi siku zinapoanza kufupika. Mbali na ikweta, ambako mchana wa kiangazi ni mrefu, mmea unaweza kukaa na majani matupu hadi kiangazi kinaelekea ukingoni, kisha ukachanua kwa mkupuo. Karibu na ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, hivyo maua huanza mapema, mmea ukiwa bado mfupi. Kwa sababu hiyo hiyo usiupande chini ya taa inayowaka usiku kucha. Kwa kawaida ni wiki 8 hadi 12 kutoka kupanda mbegu mpaka ua la kwanza, na zaidi ya hapo kukiwa na ubaridi.

Mahali na udongo

Jua la moja kwa moja saa 6 kwa siku ndiyo kiwango cha chini. Ukiwa na hiari, chagua upande unaopokea jua la asubuhi, kwa kuwa maua hufunguka alfajiri na saa zake nzuri ni hizo. Fikiria pia wewe utakuwa wapi saa hizo. Ua linalofunga adhuhuri likipandwa nyuma ya nyumba ambako hupiti kabla ya jioni, utakuwa umelipandia nyuki tu. Kivuli cha mchana baada ya saa saba hakidhuru, na sehemu za joto kali kinasaidia.

Udongo uwe tifutifu au kichanga, unaopitisha maji, wenye rutuba ya wastani. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, mwaga ndoo ya maji, uangalie. Yakiisha ndani ya saa moja au mbili, pako sawa. Yakikaa nusu siku, inua tuta la sentimita 15 hadi 20 au tumia chungu. Kama kitalu hicho kilibeba mboga zilizowekewa mbolea msimu uliopita, usiongeze kitu. Kama udongo umechoka kabisa, koleo moja la mboji iliyooza vizuri kwa kila mita ya mstari inatosha. Samadi ya kuku weka mbali: ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni ndiyo inayouambia mmea uendelee kutoa majani.

Kuandaa mbegu

Hapa usikimbie. Mbegu ni nyeusi au kahawia iliyokolea, urefu wa milimita 5 au 6, umbo la kipande cha chungwa: mgongo wa mviringo, na pande mbili bapa zinazokutana mbele. Chini, pande hizo zinapokutana, utaona kovu dogo. Ni mahali mbegu iliposhikana na tunda, na mzizi mchanga hukaa karibu na hapo. Ganda ni gumu na halipitishi maji kirahisi. Mbegu ikipandwa ilivyo inaweza kuota baada ya wiki moja, na jirani yake ikalala mwezi mzima.

Kazi yako ni kufungua mlango wa maji bila kuumiza kiini. Shika mbegu kwa vidole viwili, kovu likielekea kwako, na usugue mgongo wake, upande ulio mbali na kovu, juu ya kipande cha msasa. Misuguo michache hutosha. Tazama kila baada ya misuguo miwili: weusi ukitoweka na rangi ya krimu kuchungulia, hata kwa ukubwa wa kichwa cha pini, acha hapo hapo. Kikata kucha nacho hufanya kazi kwa mwenye mkono mtulivu, ukidokoa ukingo wa ganda peke yake. Ukiona umekata ndani na kiini cheupe kimekatika, mbegu hiyo huenda ikaoza, iweke kando.

Kisha loweka kwenye maji ya uvuguvugu, ya kiwango unachoweza kuwekea kidole bila kukunja uso, kwa saa 12. Ukizianza jioni, asubuhi ziko tayari. Zilizonywa maji huvimba karibu mara mbili na ganda hulainika. Zilizobaki ndogo na ngumu zirudishe kwenye msasa, kisha ziloweke tena. Usipitishe saa 24. Mbegu iliyovimba inahitaji hewa, na ndani ya maji hewa ni kidogo, hivyo ukizisahau siku mbili zitaoza. Mbegu zilizokwisha kuvimba zipandwe siku hiyo hiyo. Hazirudishwi kwenye pakiti.

Baadhi ya mbegu za dukani hupakwa dawa ya kuzuia ukungu. Nawa mikono baada ya kuzishika, na maji ya kulowekea yamwagwe mahali ambapo kuku na watoto hawafiki.

Kuotesha

Ipomea ina mzizi mkuu unaoshuka haraka, na haupendi kuguswa. Kwa hiyo njia bora kuliko zote ni kupanda mahali pa kudumu. Fuata mstari wa uzio au kamba, chimba vishimo vya kina cha sentimita 1 hadi 1.5, weka mbegu 2 katika kila kishimo, acha sentimita 20 hadi 30 kati ya kishimo na kishimo, funika na mwagilia kwa upole. Miche ikifikia majani mawili ya kweli, kata mdhaifu kwa mkasi usawa wa ardhi. Usimng'oe, mizizi imeshikana.

Pale baridi inapolazimisha kuanzia ndani, tumia chombo ambacho kitaingia ardhini pamoja na mche: vikombe vya karatasi ya gazeti au vyungu vya nyuzi zinazooza, vyenye kina kisichopungua sentimita 9. Trei zenye vijishimo vidogo hazifai. Mchanganyiko wa mboji iliyochekechwa sehemu 2 na mchanga mkavu wa mto sehemu 1 hutosha. Panda mbegu 2 kwa kila kikombe, kina kile kile, weka mahali penye nyuzi 20 hadi 24, udongo uwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa.

Ndani ya siku 5 hadi 10 utaona shingo iliyopinda ikitoboa juu. Majani mawili ya kwanza ni ya mbegu, nayo yamekatwa katikati kwa kina kama herufi V, kwa hiyo usidhani umeotesha kitu kingine. Majani ya moyo hufuata. Wakati mwingine ganda hubaki limebana majani hayo. Lidondoshee maji, ngoja nusu saa lilainike, kisha libinye taratibu kwa vidole viwili lichomoke. Ukilivuta likiwa kavu unakata kichwa cha mche.

Adui wa siku hizi ni kinyausi: mche unaonekana mzima asubuhi, jioni umelala chini, shina limekuwa jembamba na jeusi usawa wa udongo. Husababishwa na vimelea wa ukungu wanaoshamiri kwenye udongo uliolowa na hewa iliyotuama. Mwagilia asubuhi, kutoka chini kwa kuketisha vikombe kwenye sinia ya maji kwa robo saa, na ondoa mfuniko wowote wa plastiki mara mbegu zinapoota. Mche uliokwisha kuanguka hauponi. Utoe pamoja na udongo wake.

Kuhamisha nje

Mche wenye majani ya kweli 3 hadi 5 uko tayari, mradi usiku unabaki juu ya nyuzi 12. Uzoeshe kwanza kwa siku 7 hadi 10: siku za mwanzo saa mbili kivulini penye utulivu wa upepo, kisha ongeza muda na jua kidogo kidogo, usiku urudishe ndani. Majani yaliyokulia ndani huungua na kuwa na mabaka meupe yakitupwa juani kwa ghafla.

Siku ya kupanda:

1. Mwagilia vikombe saa moja kabla.
2. Chimba shimo la kina sawa na kikombe.
3. Chana kitako cha kikombe cha gazeti bila kutikisa udongo, na kata ukingo wowote unaobaki juu ya ardhi. Karatasi inayochungulia hewani hunyonya unyevu kutoka kwenye mizizi.
4. Shindilia kwa vidole, si kwa mguu, kisha mwaga lita moja ya maji kwa kila mche.
5. Elekeza mche kwenye kamba yake siku hiyo hiyo.

Jioni ndiyo saa nzuri ya kazi hii. Mche ukilala kesho yake mchana usiogope, ukiamka jioni umeshashika.

Ukitaka umbo pana badala ya kamba moja ndefu, kata ncha ya mche ukifika sentimita 15. Utachelewa kuona ua kwa siku kadhaa, lakini matawi mawili au matatu yatatokea chini na uzio utajaa kuanzia magotini badala ya kuanzia kichwani.

Kamba, fito na namna mmea unavyokwea

Ipomea haina mikono ya kushikilia wala mizizi ya kunata ukutani. Hukwea kwa kujisokota na shina lenyewe. Ukuta mtupu hauwezi, na nguzo nene huishinda. Inachotaka ni kitu chembamba, kamba, waya au fito isiyozidi unene wa kidole gumba. Kwenye ukuta funga kamba za wima, moja kila baada ya sentimita 15 hadi 20, ziache sentimita 5 kutoka ukutani ili shina lipate pa kuzunguka na hewa ipite. Urefu wa mita 2 hadi 2.5 unatosha, likifika juu litaning'inia lenyewe kurudi chini, na hapo ndipo maua huonekana vizuri zaidi.

Kamba ya katani ndiyo inayopendekezwa hapa. Ni ya kukwaruza, kwa hiyo shina halitelezi, na mwisho wa msimu unaikata pamoja na mmea na kuvitupa vyote kwenye lundo la mboji. Kamba ya nailoni huteleza: upepo ukivuma mzigo mzima unashuka na kujikunja chini. Funga ncha za kamba kwa nguvu kuliko unavyodhani inahitajika. Mmea uliokomaa ukilowa mvua ni mzito, na unapepea kama tanga.

Unapousaidia mche kushika kamba, uzungushe kuelekea upande wake wa asili: ukiutazama kutoka juu, hujisokota kinyume cha mishale ya saa. Ukiuzungusha upande mwingine utaukuta kesho umejifungua. Zungusha mara moja au mbili, ufunge kwa uzi uliolegea, uuache. Miche michanga hutafuta pa kushika kwa kuzungusha ncha hewani, na ikikosa kamba hushikana yenyewe. Katika wiki tatu za mwanzo pita kila siku ya pili uitenganishe kabla haijakaza.

Kwenye chungu

Kipenyo kisipungue sentimita 30 na kina hivyo hivyo, mashimo ya chini yawe wazi, miche 3 basi. Simika fito tatu au nne za mita 1.8 na uzifunge pamoja juu. Chungu kidogo kitatoa maua mapema lakini kitakufunga kamba ya maji: siku za joto kinahitaji kumwagiliwa kila siku, wakati mwingine mara mbili. Chungu cheusi juani huchemsha mizizi, kiweke nyuma ya kingine au kifunike kwa gunia.

Maji na mbolea

Katika wiki mbili za kwanza usiache udongo ukauke. Baada ya hapo mwagilia kwa nafasi na kwa wingi, kama lita 10 kwa kila mita ya mstari mara mbili kwa wiki pasipo na mvua, ili mizizi iende chini. Tandaza majani makavu sentimita 5, ukiacha shina wazi.

Adhuhuri ya jua kali majani hulegea na kuning'inia. Mara nyingi hicho si kiu, jani linapoteza maji upesi kuliko mizizi inavyoyaleta, na jioni husimama tena. Chomeka kidole sentimita 4 udongoni. Kukiwa na unyevu, ondoka. Anayemwagilia kila anapoona majani yamelegea huishia kuozesha mizizi, kisha majani hulegea kweli kweli.

Mbolea ya ardhini, kwa udongo wa kawaida, ni sifuri. Kwa chungu, subiri vitumba vya kwanza, kisha toa mbolea ya maji yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni, kama ile ya nyanya, nusu ya kipimo kilichoandikwa, kila baada ya siku 14. Kwenye mfuko wa mbolea kuna namba tatu, na ya kwanza ni naitrojeni. Ikiwa kubwa kuliko zenzake, hiyo mbolea ina kazi nyingine shambani, hapa haina. Urea usiilete kabisa karibu na mmea huu.

Ua lenyewe

Kitumba huwa kimesokotwa kama mwavuli uliofungwa, na jioni ya kuamkia kufunguka kina rangi ya zambarau yenye wekundu. Asubuhi ni buluu. Rangi iliyo ndani ya petali ni ile ile, kinachobadilika ni utomvu wa seli zake. Watafiti wa Japani walipima jambo hili na kuripoti mwaka 1995: pH ya utomvu huo, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikipanda asidi imepungua, hupanda kutoka 6.6 kwenye kitumba hadi 7.7 ua likiwa wazi, na kupanda huko ndiko kunakogeuza wekundu kuwa buluu. Ua linapokunjika kufa hurudi kwenye waridi. Ukifika mapema, kabla ya jua kuchomoza, utaweza kuona ua lililofunguka nusu likiwa na mistari mitano ya zambarau iliyopauka kutoka kooni hadi ukingoni, pale mikunjo ilipokuwa, na katikati ya mistari hiyo buluu imekwisha kutandaa.

Kwa hiyo usijisumbue kuweka chokaa au siki kwenye udongo ukitarajia kuongeza buluu. Haidransia hubadilika rangi kwa udongo, ipomea haibadiliki. Ukipata maua ya waridi au zambarau asubuhi, ulinunua mbegu za aina nyingine.

Kila ua huishi siku moja. Hufunguka alfajiri, hufunga mchana jua likikaza, na siku ya mawingu na ubaridi hubaki wazi hadi alasiri. Kesho yake yanakuja mengine, kwa kuwa kila kikonyo kina vitumba kadhaa vinavyopokezana. Halifai kwa chombo cha maua ndani ya nyumba. Likichumwa hunyauka mara moja.

Yanapoharibika

Majani mengi, maua hakuna. Ndiyo lawama ya kawaida kuliko zote. Anza kwa kujiuliza mmea una umri gani. Chini ya wiki 10, subiri. Kisha angalia mbolea, halafu kivuli, halafu taa ya usiku. Mbolea ikiwa imezidi kwenye chungu, pitisha maji mengi, mara tatu ya ujazo wa chungu, yatoke chini, usiweke kitu tena. Ardhini hakuna dawa zaidi ya kuacha kulisha na kupunguza maji kidogo. Mmea utachanua ukimaliza akiba.

Majani kupauka baada ya usiku wa baridi. Funika kwa kitambaa chepesi usiku, usiongeze mbolea ukidhani ni njaa. Majani mapya yatatoka kijani joto likirudi.

Vidoadoa vya manjano juu ya jani na utando mwembamba chini ni utitiri mwekundu, hasa kwenye ukuta mkavu wenye joto. Nyunyizia maji kwa nguvu upande wa chini wa majani siku tatu mfululizo. Vidukari kwenye ncha changa huondoka kwa maji hayo hayo, au kwa kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja, ukipulizia jioni baada ya kujaribu kwenye jani moja kwanza.

Jani likiliwa lote likabaki kikonyo tu, tafuta kiwavi mkubwa mwenye pembe mkiani, wa nondo Agrius convolvuli. Hujificha mchana kwa kujinyoosha sambamba na shina. Kinyesi chake cheusi chenye punje nene chini ya mmea ndicho kinachomtaja. Tazama juu ya pale kilipoangukia. Mtoe kwa mkono. Konokono ni tatizo la wiki mbili za kwanza, na dawa yake ni kupita na tochi usiku.

Malengelenge meupe upande wa chini wa jani ni kutu nyeupe. Chuma majani yenye dalili, usimwagilie kwa kunyesha juu, na msimu ujao panda mahali pengine.

Jambo linalosahaulika: kiwavi huyu, fukusi wa viazi vitamu na baadhi ya virusi vya viazi vitamu huishi pia kwenye ipomea nyingine. Kama kuna shamba la viazi karibu, panda maua upande wa mbali kabisa, na mmea wenye majani yaliyokunjamana au yenye mabaka ya kijani na njano ung'oe bila kuusikitikia.

Mbegu ni sumu

Mbegu zina alkaloidi, yaani kemikali zenye nguvu mwilini, za kundi moja na zile za ukungu wa ergoti wa nafaka. Zikiliwa huleta kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kuona mambo yasiyokuwepo. Zihifadhi juu, zenye jina, mbali na watoto, na usizichanganye kamwe na mbegu za jikoni. Mifugo nayo isilishwe mashina yenye vitumba vya mbegu.

Kuvuna mbegu na kusafisha

Ukitaka maua zaidi, chuma vitumba vya mbegu vikiwa kijani, kwa sababu mmea unaokomaza mbegu hupunguza kuchanua. Ukitaka mbegu, acha vikonyo vichache kwenye mmea wenye maua safi kuliko mingine, vifungie uzi wa rangi ili usivichume kwa mazoea. Baada ya wiki 4 hadi 6 kitumba hugeuka kahawia na kuwa kikavu kama karatasi. Kikisikika kikichakarisha ukikitikisa, kichume siku hiyo, kabla hakijapasuka. Ndani kwa kawaida kuna mbegu zisizozidi 4. Zianike kivulini kwa wiki mbili, tupa nyepesi na zilizosinyaa, weka nyingine kwenye bahasha ya karatasi yenye jina na mwaka, bahasha ndani ya chupa yenye kifuniko. Mahali pakavu na pa baridi zitadumu miaka mitatu au zaidi. Kama ulipanda aina nyingine za tricolor karibu, nyuki watakuwa wamechanganya, na rangi ya msimu ujao huwezi kuitabiri.

Mmea ukimaliza, kata usawa wa ardhi, uache ukauke juu ya kamba siku mbili, kisha shusha vyote pamoja. Vitumba vyenye mbegu vitoe kwanza na uvichome moto. Lundo la mboji la nyumbani halipati joto la kuziua. Usitupe mashina kando ya mto wala pembeni mwa msitu. Msimu unaofuata miche itaota yenyewe mahali pale pale, nayo hutambulika kwa yale majani ya V. Bakiza unayoitaka, mingine ikate kwa jembe ikiwa bado haijafika kwenye kamba.